Sura ya Sita: Okestra ya Mlango wa Nyuma

Mji wa Kitengela haukungoja kupangwa. Viwanda vya EPZ, ukanda wa bidhaa za kuuza nje, vilipoanza kufunguliwa Athi River mwanzoni mwa miaka ya 1990, wafanyakazi walihitaji pa kulala, na palipokuwa karibu ni hapa, kando ya barabara iendayo Namanga, katika nyanda zilizokuwa malisho ya Wamaasai wa Kaputiei. Sensa ya 2019 iliwakuta watu 154,436. Malori ya saruji hupita usiku kucha, nyumba za kupanga zimepanda ghorofa juu ya ghorofa, na ni vigumu kupata mtaa usio na kanisa, au kanisa lisilo na kwaya, au kwaya isiyotaka kurekodi.

Rekodi nyingi hufanywa vyumbani. Studio ya kawaida ni chumba cha kulala kilichoondolewa kitanda: blanketi zimetundikwa ukutani kuua mwangwi, kipaza sauti kimoja kiko kwenye stendi, kuna spika mbili, kinanda kidogo, na laptopu ya mtumba ambayo prodyusa haiachi nyuma akitoka. Laptopu hiyo ndiyo studio. Ndani yake mna sauti za wanakwaya, mna kazi za wateja wa mwaka mzima, na mna okestra nzima ya Ulaya.

Kwaya inayolipia wimbo siku hizi haitosheki na ngoma na gitaa. Inataka violini zifungue wimbo, baragumu ziingie kwenye kiitikio, na timpani zitikise mwisho, kwa sababu ndivyo zinavyosikika nyimbo za Afrika Kusini, Nigeria na Marekani ambazo waumini wanazo kwenye simu. Wapigaji wa kweli wapo, tena si mbali. Nairobi, mwendo wa kilomita 30 hivi, ina Nairobi Orchestra, ina Kenya Conservatoire of Music iliyoanzishwa mwaka 1944, na ina vijana wa Ghetto Classics waliojifunza violini na tarumbeta Korogocho. Lakini kuwakodisha watu 40 kwa siku moja, pamoja na ukumbi, nauli na chakula, ni gharama ambayo mchango wa Jumapili hauwezi kuifikia. Kwa hiyo okestra hutoka kwenye kompyuta.

Jinsi inavyoingia humo ni kazi ya kustaajabisha. Herb Tucmandl, mpigaji chelo wa Austria aliyegeuka kuwa mpiga picha za filamu, alianzisha Vienna Symphonic Library mwaka 2000 akiwa na wazo la kuirekodi okestra noti moja moja, ili mtunzi aipange upya atakavyo. EastWest ya Marekani ilirekodi okestra yake katika ukumbi wa Benaroya mjini Seattle na kuitoa mwaka 2003. Spitfire Audio ya London, iliyoanzishwa 2007 na Christian Henson na Paul Thomson, ilitoa mwaka 2019 okestra ya BBC iliyorekodiwa katika studio za Maida Vale, mahali ambapo okestra hiyo yenyewe ilikuwa ikifanyia mazoezi.

Mpigaji anayeingia kwenye rekodi ya namna hii hachezi wimbo. Anacheza noti moja, ananyamaza, anaicheza tena. Tuseme kundi la violini linarekodiwa noti 40. Kila noti huchezwa kwa nguvu nne tofauti, kutoka mnong'ono hadi mngurumo. Kila nguvu hurudiwa mara tatu, maana noti ileile ikisikika mara mbili bila tofauti yoyote, sikio hugundua mara moja kwamba ni mashine. Kisha kuna mbinu: upinde mrefu, upinde mfupi, kudonoa kwa kidole, kutetemesha. Chukua mbinu kumi tu. Weka vipaza sauti mahali patano ukumbini. Hesabu inafika mafaili 24,000, na hizo ni violini peke yake. Kila faili limesikilizwa na mtu, likakatwa, likasafishwa na kupewa jina. Wapigaji wamelipwa, wahandisi wamelipwa, ukumbi umelipiwa.

Ndiyo maana bei ni ya juu. Toleo kamili la okestra ya BBC liliwekwa kwenye orodha kwa dola 999. Mwaka 2019 dola ilikuwa kama shilingi 103, kwa hiyo prodyusa wa Kitengela alikuwa akitazama zaidi ya shilingi laki moja. Januari 2024 dola ilipogonga shilingi 160, bidhaa ileile ilikuwa karibu laki moja na elfu sitini bila mwenye duka kuongeza hata senti. Halafu kuna uzito. Toleo hilo linakaribia GB 600. Kwa intaneti ya nyumbani ya megabiti 10 kwa sekunde, kulipakua huchukua siku tano na nusu, mchana na usiku, iwapo stima haitapotea hata mara moja.

Bei hiyo na uzito huo ndivyo vinavyoipa diski ya kuazima nguvu. Prodyusa ananakili kwa rafiki, rafiki alinakili kwa fundi wa kompyuta, fundi alipakua kwenye tovuti ambayo hata yeye hajui ni ya nani. Muungano wa makampuni ya programu, BSA, ulikadiria kwamba mwaka 2017 asilimia 74 ya programu zilizowekwa kwenye kompyuta nchini Kenya hazikuwa na leseni. Ni makadirio ya watu wenye maslahi, na inafaa kuyasoma hivyo. Hata hivyo, aliyewahi kukaa kwenye studio ya chumbani atakubali kwamba kreki, yaani programu iliyovunjwa leseni, ni jambo la kawaida, na kijana anayeanza kazi hukutana nayo kabla hajajua kwamba kuna njia nyingine.

Kreki yenyewe ni kifurushi kidogo. Kwa kawaida folda ina programu ya kusakinisha, faili moja la kuvunjia leseni, na maandishi mafupi ya maelekezo. Maelekezo hayo yanafanana popote duniani: zima antivairasi kwanza, kata intaneti, endesha faili hili kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, kisha nakili hili juu ya lile. Antivairasi ikipiga kelele, msomaji huambiwa asijali, ni kelele za bure. Inafaa kuyasoma maelekezo hayo polepole. Mtu usiyemjua amekuomba uondoe mlinzi, uondoe shahidi, na umpe mamlaka yote juu ya kompyuta yako, nawe umekubali kwa sababu unataka violini.

Tarehe 24 Agosti 2018 kuna mtu aliyesajili tovuti kwa ajili ya watu wa aina hii hasa. Siku hiyohiyo aliweka juu yake faili la kwanza: Kontakt 5.7 ya Windows, programu ya kampuni ya Native Instruments ya Berlin ambayo ndiyo hubeba sehemu kubwa ya okestra za kompyuta. Kufikia Juni 2019, watafiti wa kampuni ya usalama ya ESET walipotangaza walichokigundua, tovuti hiyo moja ilikuwa na programu 137 za muziki za bure, 42 za Windows na 95 za Mac. Zilifanya kazi. Violini zilisikika. Ila pamoja na kila programu kulikuwa na kompyuta ya pili iliyofichwa ndani ya ile ya kwanza, yenye mfumo wake mdogo wa Linux, inayochimba sarafu ya kidijitali ya Monero kwa faida ya mwenye tovuti. ESET waliipa jina LoudMiner.

Kilichowafanya wanamuziki walengwe ni hesabu ya kinyama. Kompyuta ya muziki huwa na prosesa yenye nguvu. Mwenyewe amezoea kuisikia ikipumua kwa nguvu, kwa hiyo hashtuki. Na mafaili ya muziki ni makubwa kiasi kwamba kompyuta nzima ya bandia inaweza kujificha kati yake bila mtu kuuliza mbona folda imevimba. Kwenye Mac mdudu huyo alikuwa mwangalifu zaidi: mwenye kompyuta akifungua dirisha la kuangalia ni programu gani inakula nguvu, uchimbaji ulisimama, akilifunga, ukaendelea.

Kuwa na kitu cha namna hiyo ni kama kuishi na mpangaji aliyejificha darini, anayetumia stima yako usiku na mchana na kukusikiliza ukilalamika kwamba tokeni zinaisha mapema. Prodyusa huona wimbo unakwamakwama, sauti inakatika, feni haitulii. Humlaumu aliyemuuzia laptopu. Hununua RAM. Hununua feni ya kuweka chini. Na kwa kuwa mashine iliyochemka miezi mingi huchoka kabla ya wakati wake, mwishowe hununua laptopu nyingine, na jambo la kwanza analofanya ni kuhamishia humo ile diski.

Wengine hujifariji kwamba wana Mac, na Mac haishikwi na virusi. Mwishoni mwa Juni 2020 Dinesh Devadoss, mtafiti wa usalama wa K7 Lab, aligundua programu ya kufungia mafaili ambayo baadaye ilijulikana kama EvilQuest au ThiefQuest. Ilisambazwa ndani ya nakala haramu za programu za Mac zilizowekwa kwenye jukwaa la Kirusi, na kati yake zilikuwamo Ableton Live, ambayo watu hutengenezea muziki, na Mixed In Key, wanayoitumia madijei. Ilidai dola 50 za Bitcoin. Wachambuzi walipoitazama kwa karibu waliona jambo baya zaidi: kila mwathiriwa alipewa anwani ileile ya kulipia, wala hakukuwa na namna ya mlipaji kujulikana kwamba amelipa. Madai ya pesa yalikuwa kifuniko tu. Chini yake programu ilikuwa ikirekodi kila herufi iliyoandikwa na kutuma mafaili nje.

Kwenye Windows, ambayo ndiyo laptopu nyingi za Kitengela hutumia, tishio kubwa kwa watu wa kawaida limekuwa STOP, kwa jina jingine Djvu, iliyosambaa kuanzia 2018 hasa kupitia kreki na vitengeneza namba za leseni. Hufunga picha, nyaraka na sauti zote kwenye kompyuta, kisha huacha barua: lipa dola 980, au 490 ukijitokeza ndani ya saa 72. Hiyo nusu bei tu, kwa dola ya shilingi 130, ni zaidi ya shilingi 63,000. Kampuni ya Emsisoft ilitoa Oktoba 2019 kifungulio cha bure kwa matoleo 148 ya zamani; waliofungiwa na matoleo ya baadaye wengi hawakupata msaada. Mara nyingi STOP haikuja peke yake. Ilifuatana na AZORult, mwizi wa nywila, ambaye hukusanya kila neno la siri lililohifadhiwa kwenye kivinjari kabla mafaili hayajafungwa.

Sasa fikiria yaliyomo kwenye laptopu hiyo. Kwaya ya watu 30 imefanya mazoezi miezi mitatu, imechanga, imekuja Jumamosi mbili, na sauti zao ziko kwenye diski moja isiyo na nakala. Msichana aliyeimba peke yake amehamia Eldoret kwa masomo. Kuna video ya harusi ambayo familia bado haijachukua. Kuna akaunti ya YouTube ya kwaya, ambayo prodyusa alipewa nywila yake ili apandishe video. WhatsApp iko wazi kwenye kivinjari, na barua pepe ya biashara, na picha za vitambulisho vya wateja waliotia saini mikataba. Hakuna hata mmoja wao aliyebonyeza kreki. Wote watalipa.

Hili ndilo linalouma zaidi katika habari yote, na ndilo husemwa kwa nadra. Kreki huzungumzwa kama jambo kati ya kijana mmoja na kampuni tajiri ya ng'ambo, wakati madhara yake huwafikia kwanza watu waliomwamini kijana huyo kwa sauti zao na siri zao. Mwaka 2021 wachunguzi wa Google walieleza jinsi wezi walivyokuwa wakiteka chaneli za YouTube kwa programu zinazoiba vidakuzi vya kivinjari, vile vijifaili vinavyoiambia tovuti kwamba wewe tayari umeingia. Mwenye vidakuzi hahitaji nywila, wala ile namba ya siri inayotumwa kwa simu. Chaneli zilizotekwa ziliuzwa kati ya dola 3 na 4,000, kulingana na idadi ya wafuasi. Kwaya iliyojenga wafuasi wake wimbo kwa wimbo inaweza kuamka na kukuta jina lake limebadilishwa na chaneli inatangaza sarafu za ulaghai.

Hata kreki isiyo na mdudu ina hasara zake, za polepole. Haipokei masasisho. Windows ikijisasisha usiku mmoja, okestra hugoma asubuhi. Wimbo uliotengenezwa miaka mitatu iliyopita haufunguki tena, na kwaya ikirudi kutaka toleo lisilo na sauti za waimbaji kwa ajili ya mashindano, prodyusa hana la kuwapa. Na siku kazi kubwa itakapokuja, tangazo la biashara, makala ya shirika, filamu, itakuja na mkataba, na kwenye mkataba kuna kifungu kinachomtaka mtunzi athibitishe kwamba ana haki ya kila kilichomo katika muziki wake. Noti zile za violini ni rekodi za mtu mwingine. Leseni ndiyo inayompa mtunzi ruhusa ya kuzitumia na kuuza alichotengeneza. Asiye nayo hutia saini ahadi asiyoweza kuitimiza.

Sheria ya Kenya haina utata hapa. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inaihesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya fasihi, inayolindwa kama riwaya, na inakataza pia kuvunja vizuizi vya kiufundi vilivyowekwa kulinda kazi, jambo ambalo ndilo kreki hufanya. Mahakama imewahi kuonyesha makali. Katika kesi ya Microsoft dhidi ya kampuni ya Microskills Kenya, iliyofunguliwa mwaka 1999 katika Mahakama Kuu, Milimani, kuhusu programu zisizo na leseni, fidia iliyotolewa ilizidi shilingi milioni 25. Prodyusa wa chumbani hawezi kutarajia kesi ya ukubwa huo. Lakini biashara yake ikikua na kuwa na jina na mlango wa barabarani, sheria ni ileile.

Zamani kulikuwa na kisingizio kimoja cha kweli: mtu angetaka kulipa, angelipaje? Maduka ya programu yalitaka kadi ya benki ya kimataifa, ambayo wengi hawakuwa nayo. Juni 2022 Safaricom na Visa walizindua M-Pesa GlobalPay, kadi isiyoshikika inayotoa pesa moja kwa moja kwenye M-Pesa, na ukuta huo ukapungua sana. Ukuta wa bei nao una matundu mengi kuliko watu wanavyojua. Okestra ya BBC ina toleo dogo liitwalo Discover, lenye ala 33, lililotoka 2020. Mtu aliweza kulinunua kwa dola 49, au akajibu maswali machache, akangoja siku 14 na kulipata bure. Spitfire hiyohiyo hutoa mfululizo wa LABS bila malipo. MuseScore 4, programu huria ya kuandikia muziki iliyotoka Desemba 2022, inakuja na Muse Sounds, okestra kamili na kwaya, bila kulipa hata shilingi. Mattias Westlund, Mswidi, aliigawa bure okestra yake ya Sonatina. Programu ya kurekodia ya Reaper hujaribiwa siku 60, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60.

Kuna mtego mmoja unaostahili kutajwa kwa sababu ndio huwarudisha wengi kwenye kreki. Native Instruments hutoa Kontakt Player bure, lakini Player hufungua kikamilifu maktaba za sauti zilizosajiliwa kwayo tu. Maktaba nyingine, hata zile zinazogawiwa bure, hufunguka kwa dakika 15 kisha hunyamaza, kwa kuwa zinahitaji Kontakt kamili. Kijana akipakua violini za bure, zikakata katikati ya wimbo, huamua kutafuta Kontakt "iliyofunguliwa". Huenda ndiyo maana faili la kwanza la tovuti ile ya 2018 lilikuwa Kontakt. Anayetafuta vya bure aangalie kwanza vinatumia mchezeshaji gani. Vilivyoandikwa kwa muundo wa SFZ huchezwa na Sforzando ya kampuni ya Plogue ya Montreal, nayo ni bure.

Je, okestra ndogo inatosha? Kwa kwaya ya Kitengela, ndiyo. Discover haina mbinu nyingi wala vipaza sauti vya kuchagua, lakini chini ya sauti 30 za watu, pamoja na ngoma na besi, hakuna msikilizaji atakayezitambua GB 600. Kinachoifanya violini isikike kama kinanda cha bei rahisi, mara nyingi, ni mkono wa mtayarishaji. Mpigaji wa kweli hashikilii noti kwa nguvu moja. Huianza taratibu, huikuza, huiachia. Kwenye kompyuta kazi hiyo hufanywa na gurudumu la modulesheni lililo kushoto mwa kinanda, na kama kinanda hakina gurudumu hilo, mstari wa nguvu huchorwa kwa mausi, kupanda na kushuka pamoja na pumzi ya waimbaji. Prodyusa akitumia jioni mbili kujifunza kuchora mstari huo, atapata zaidi ya ambacho diski ya kuazima ingempa. Na asiandike kordi za vidole kumi kwa violini zote. Agawe sauti kama mwalimu wa kwaya anavyogawa soprano, alto, teno na besi. Walimu wa solfa wa Kenya wanaijua kazi hii tayari.

Kwa aliyekwisha kuweka kreki, dawa si kuifuta peke yake, kwani mdudu alishaingia na mamlaka ya msimamizi. Nakili rekodi za sauti na nyaraka kwenye diski ya nje, usinakili programu hata moja, kisha futa kompyuta yote na uweke Windows upya. Badilisha nywila ukitumia kifaa kingine, usibadilishe kwenye kompyuta hiyohiyo, na uondoke kila mahali ulipokuwa umeingia ili vidakuzi vilivyoibwa vikose kazi. Aliyefungiwa mafaili asikimbilie kulipa: mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa 2016 na polisi wa Ulaya na Uholanzi pamoja na makampuni ya usalama, hukusanya vifungulio vya bure, na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ina kituo chake cha kitaifa, KE-CIRT, kinachopokea ripoti za mashambulizi. Kila kwaya nayo idai kupewa nakala ya sauti zake siku ileile ya kurekodi, kwenye diski yake yenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo Kajiado, kaunti ulimo mji wa Kitengela, inaweza kulisema kwa haki kuliko kaunti nyingi. Okestra zote hizi, za Vienna, Seattle na London, hazina sauti ya baragumu ya pembe ya tandala ambayo Wamaasai hupuliza katika sherehe za eunoto. Hazina olaranyani, kiongozi wa wimbo, akirusha mstari juu ya mvumo wa makoo ya vijana unaofanya kazi ambayo kwingine ingefanywa na ngoma. Mwaka 2018 UNESCO iliziingiza enkipaata, eunoto na olng'esherr, sherehe tatu za rika za wanaume Wamaasai, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Miaka miwili baadaye maelfu ya wanaume Wamaasai walikusanyika katika vilima vya Maparasha, hapahapa Kajiado, kwa ajili ya olng'esherr.

Wamaasai wanajua maana ya kuchukuliwa mali bila kuulizwa. Louis Vuitton ilipoonyesha mavazi yake ya wanaume ya mwaka 2012 yaliyofuata mtindo wa shuka, Wamaasai hawakupata kitu. Mpango wa Maasai Intellectual Property Initiative ulianzishwa ili kudai jina na michoro yao, na kampuni ya mavazi ya Uingereza, Koy Clothing, ikakubali kulipia leseni. Upande wa sauti, Shirika la Hakimiliki Duniani, WIPO, liliwapeleka Wamaasai wawili wa Laikipia na mtaalamu wa Makavazi ya Kitaifa nchini Marekani mwaka 2008 kujifunza kurekodi na kulinda muziki wao wenyewe, na mwaka uliofuata likaipa jamii ya Il Ngwesi vifaa vya kufanyia kazi hiyo. Kisha ikaja Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, inayozitaka serikali za kaunti ziweke rejesta na inayomtaka mtu apate idhini ya jamii kabla ya kutumia kazi hizo.

Prodyusa wa Kitengela ana karibu kila kinachohitajika kutengeneza maktaba ya kwanza ya sauti hizo. Faili la SFZ huandikwa kwa maandishi ya kawaida: noti gani, faili gani la sauti, kwa nguvu gani. Pembe ya tandala ina noti chache, kwa hiyo kuirekodi yote kwa nguvu tatu na marudio manne ni kazi ya asubuhi moja mahali tulivu, mbali na malori. Kabla ya asubuhi hiyo kuna mazungumzo marefu zaidi, na wazee, na wapulizaji wenyewe, juu ya sauti zipi zinaweza kutoka nje ya sherehe na zipi haziwezi, nani atalipwa kila maktaba ikiuzwa, na jina la nani litaandikwa juu yake. Mazungumzo hayo yaandikwe na kutiwa saini. Na maktaba ikishatoka, itauzwa kwa leseni, ambayo prodyusa mwingine, Mwanza au Kampala au London, atatakiwa kuilipia.